Kurekodi nyumbani wimbo wako wenye ladha ya pop ya miaka ya sitini: mwongozo kamili

Ukiisikiliza kwa makini pop ya miaka ya sitini, ile ya Liverpool, London, Detroit au Los Angeles, utaona vitu ni vichache kuliko ulivyodhani. Kuna ngoma, besi, gitaa moja au mawili, mwimbaji, waitikiaji wawili watatu, na mara nyingi tari inayosikika juu ya vyote. Sauti zimebanana mahali pamoja, wimbo unaingia bila kuzunguka, na ndani ya dakika mbili na nusu umekwisha. Ladha hiyo haikuletwa na vifaa vya bei mbaya peke yake. Imeletwa zaidi na watu waliolazimika kuamua mambo mapema.

Tarehe 11 Februari 1963 The Beatles walirekodi nyimbo kumi za albamu yao ya kwanza kwa siku moja, katika studio za EMI pale Abbey Road, kwa mashine yenye njia mbili tu za sauti, yaani inayotunza rekodi mbili tu kando kando kwenye mkanda mmoja. Hata mwaka 1967 walikuwa bado wanatumia mashine za njia nne. Njia zilipojaa, mafundi walizichanganya na kuzihamishia kwenye njia moja au mbili za mkanda mwingine, ndipo wakapata nafasi ya kuendelea. Sauti ikishahamishwa hivyo huwezi tena kurudi ukapunguza besi peke yake. Leo programu ya bure kwenye simu inakupa njia nyingi kuliko hizo, na hapo ndipo wengi tunapopotea: tunaahirisha uamuzi mpaka wimbo unapoa.

Wala usione aibu kurekodi nyumbani. Joe Meek alirekodi nyimbo zilizotamba Uingereza na Marekani ndani ya nyumba ya kupanga namba 304 Holloway Road, London, juu ya duka la bidhaa za ngozi. Berry Gordy naye alinunua nyumba ya kawaida huko Detroit mwaka 1959, akaigeuza studio ya Motown, kampuni yake ya muziki. Huku kwetu, Nairobi ya miaka hiyo ilikuwa na twist yake yenyewe, na studio ya Equator ikiwa na wanamuziki kama Daudi Kabaka, Fadhili William na Nashil Pichen. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, iliurekodi wimbo wa Kabaka, "Helule Helule", ukaingia kwenye chati za kwao. Kwa hiyo mtu wa Kisumu au Tanga anayetaka kuandika pop ya namna hii hajavamia shamba la mtu.

Vifaa: usikae sana hapa

Kama una simu tu, BandLab ni ya bure na inatosha kumaliza wimbo mzima. Kwenye kompyuta, Audacity ni bure, GarageBand inakuja na mashine za Apple, na Reaper ina muda wa majaribio kabla ya kuilipia. Ongeza kadi ya sauti ya nje yenye tundu moja au mawili ya maiki, hedifoni za waya zinazoziba masikio, na maiki moja. Hedifoni za bluetooth ziache, zinachelewesha sauti na utaimba nyuma ya mdundo.

Kuhusu maiki, nashauri ile inayotumika jukwaani, aina ya Shure SM57 au SM58, kuliko maiki ya kondensa. Kondensa ni nzuri sana ndani ya studio, lakini nyumbani itakuletea feni, jogoo wa jirani na kila bodaboda inayopita. Nunua kwa muuzaji unayemwamini kwa sababu maiki hizi zinaghushiwa mno. Weka programu kwenye 24 bit na 44.1 kHz, kisha rekebisha kiwango ili unapopaza sauti mshale ufike kati ya desibeli -12 na -6, usiguse sifuri kamwe.

Hatua ya kwanza: wimbo wenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Wimbo wa aina hii lazima usimame ukiwa na gitaa moja na sauti moja. Kama unahitaji vionjo kumi ndipo uvutie, haujawa tayari kurekodiwa.

Muundo uliotumika sana ni beti mbili, sehemu ya kati, kisha ubeti mwingine, na mara nyingi sehemu ya kati hurudiwa mara moja. Maneno yanayobeba jina la wimbo hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kila ubeti. Muundo wa pili ni ubeti na kiitikio, na wengi walianza na kiitikio chenyewe ili redio imnase msikilizaji ndani ya sekunde tano. Chagua mmoja, uuandike kwenye karatasi, na ulenge kati ya dakika mbili na sekunde kumi hadi dakika mbili na sekunde hamsini.

Kwa kodi za gitaa, anza na G, Em, C, D, ambazo kila anayejifunza gitaa anazijua. Kisha ongeza mbinu moja inayoleta harufu ya miaka ile papo hapo: mwishoni mwa mstari piga C, halafu Cm, ndipo urudi G. Sikiliza kinachotokea ndani. Ndani ya C kuna noti ya E, ndani ya Cm inashuka nusu hatua kuwa E bemoli, na kwenye G inatua D. Mpe mwitikiaji mmoja aimbe noti hizo tatu tu kwa "uu" ndefu, na moyo wa msikilizaji utashuka nazo. Kwenye sehemu ya kati hama nyumbani kabisa, anzia Em au Bm, kisha ishie kwenye D na uing'ang'anie kwa hesabu nne ili masikio yatamani kurudi G.

Sasa maneno. Kiswahili kinakaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wakati melodia nyingi za pop ya Kiingereza zinamalizia mstari kwa neno fupi lenye mkazo mwishoni kabisa. Ukichukua melodia ya namna hiyo na kuipachika Kiswahili, utajikuta unaimba "limeondoKA", na msikilizaji atahisi kitu kimekwaruza hata kama hajui ni nini. Tuseme mistari yako ni hii:

Basi la mwisho limeondoka,
nami nipo hapa kituoni.

Mkazo uko kwenye "ndo" ya limeondoka na "o" ya kituoni. Silabi hizo ndizo zitue kwenye pigo zito, na "ka" na "ni" zipate noti fupi inayofuata, mara nyingi ya chini kidogo au ileile. Huo mkia mdogo mwishoni mwa mstari ndio unaofanya wimbo usikike umezaliwa kwa Kiswahili. Tamka mstari kwa sauti ya mazungumzo ukigonga meza, kisha ruhusu melodia ifuate mahali mkono ulipogonga. Mimi huanza na maneno kila mara kwa sababu hiyo.

Mada ziwe ndogo na za kushikika. Barua isiyojibiwa, dansi la Jumamosi, mtu uliyemwona dirishani. Pop ya mwanzoni mwa miaka ya sitini ilimsemesha mtu mmoja, "wewe", na ilimsemesha bila mafumbo mengi. Tuna hazina kubwa ya mafumbo katika taarabu, ila hapa yapunguze.

Kabla ya kusonga mbele, hakikisha wimbo ni wako. Mwaka 1976 mahakama ya Marekani iliamua kwamba George Harrison wa The Beatles, katika "My Sweet Lord", alinakili melodia ya "He's So Fine", wimbo uliotamba 1963, ingawa hakukusudia. Melodia ilikuwa imemkaa kichwani tu. Kodi hazina mwenyewe, na muundo hauna mwenyewe, lakini melodia inaye. Mwimbie melodia yako, bila maneno, mtu mzima aliyekua na redio ya enzi zile, na umuulize imemkumbusha nini. Akitaja wimbo fulani, kausikilize, ubadilishe.

Hatua ya pili: gawa njia nne kwenye karatasi

Jiwekee sharti la njia nne. Njia ya kwanza ni msingi, yaani ngoma, besi na gitaa la rithim. Ya pili ni mwimbaji. Ya tatu ni waitikiaji. Ya nne ni kionjo: gitaa la solo, kinanda, tari, makofi.

Ndani ya programu unaweza kurekodi vitu vya msingi kimoja kimoja, lakini ukishavipatanisha, vichanganye viwe faili moja la mono, yaani lisilo na kushoto wala kulia, na uendelee na hilo. Nakala ya mafaili ya mwanzo ihifadhi kwenye folda nyingine kwa ajili ya usalama, usiifungue. Nalisisitiza hili kwa sababu linabadilisha namna unavyoimba. Unaimba juu ya kitu kilichokamilika, chenye uzito wake, na sauti yako inajua itoe nguvu kiasi gani.

Hatua ya tatu: chumba

Chagua chumba chenye kitanda, mapazia na nguo nyingi. Mwimbaji asimame akiwa amelipa mgongo blanketi zito lililotundikwa, kwa sababu maiki inaangalia kule anakotokea yeye, na mwangwi wa ukuta ulio nyuma yake ndio unaoingia. Kanga peke yake ni nyepesi, haizuii kitu. Godoro lililosimamishwa linafanya kazi vizuri zaidi. Zima feni na friji. Kama paa ni la bati, angalia mawingu kabla hujaita watu.

Usikiue chumba kabisa lakini. Studio za wakati ule zilikuwa kumbi zenye hewa, na hewa hiyo inasikika kwenye ngoma. Chumba kikavu kiwe cha sauti za kuimba, na ngoma ipigwe sebuleni.

Hatua ya nne: msingi

Kama una mwenzako, pigeni pamoja bila mdundo wa kuhesabia wa kompyuta. Nyimbo za enzi hizo zinakimbia kidogo kwenye kiitikio na kupumua kwenye ubeti, na huko ndiko kuishi kwake. Ukiwa peke yako, washa mdundo kwa sauti ya chini, mapigo 125 hadi 140 kwa dakika kwa wimbo wa kuchezeka, rekodi gitaa la kuongozea, na mengine yote yafuate gitaa hilo.

Ngoma ndilo tatizo la wengi. Ukipata seti ya ngoma, tumia maiki moja, mita moja mbele yake, urefu wa kiuno, ikielekea katikati ya ngoma kubwa na ndogo. Songeza maiki kidogo kidogo mpaka ngoma hizo mbili zilingane, na matoazi yapigwe kwa upole. Ringo Starr, mpiga ngoma wa The Beatles, alifunika ngoma zake kwa vitambaa vya jikoni kwenye rekodi nyingi za mwishoni mwa miaka hiyo, na mwaka 1966 fundi mitambo Geoff Emerick alijaza sweta la sufu ndani ya ngoma kubwa na kusogeza maiki karibu nayo. Taulo mbili za kuogea zitakupa sauti hiyo fupi, nzito, isiyopiga kelele chumbani.

Usipokuwa na seti, tengeneza mapigo kwa mwili na vyombo. Joe Meek, katika kurekodi kundi la The Honeycombs mwaka 1964, aliwaweka watu wakanyage ngazi za mbao za nyumba yake huku maiki zikiwa zimebanwa ngazini kwa vibanio vya baiskeli. Nawe weka ubao mpana juu ya matofali mawili, wakanyage watu watatu kwa viatu vya soli ngumu, maiki ikiwa chini yake. Piga makofi mara tatu kwenye njia tofauti za sauti, ukibadili umbali kila mara. Tari iingie kwenye pigo la pili na la nne, na mpigaji asimame hatua tatu kutoka kwenye maiki, la sivyo itameza wimbo. Kayamba nayo inafaa sana kwenye beti.

Besi ya wakati ule ina sauti ya "dum" inayokufa haraka. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, alitumia nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, za zamani, na kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Kama nyuzi zako ni mpya na zinang'aa, chomeka kipande cha sponji chini yake karibu na daraja la gitaa, kisha punguza toni. Huna besi? Piga sehemu hiyo kwenye nyuzi nene za gitaa na ushushe oktavu moja ndani ya programu. Besi iimbe: iwe na melodia yake inayoziba nafasi mwimbaji anapovuta pumzi.

Kwa gitaa lenye mlio wa kengele, ule wa gitaa la nyuzi kumi na mbili, si lazima uwe nalo. Rekodi rithim kwa kodi za kawaida za G. Kisha weka kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya tano na upige tena wimbo uleule kwa maumbo mengine: mahali pa G piga umbo la D, pa C piga G, pa D piga A, pa Em piga Bm, na pa ile Cm piga Gm. Zikiungana, noti za juu zinametameta. Zipitishe kwenye kompresa, kifaa cha programu kinachobana tofauti ya sauti kubwa na ndogo, uwiano wa 4 kwa 1, mpaka mlio usikike umevutwa mrefu.

Hatua ya tano: sauti

Mwimbaji akae kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye maiki, akiimba kidogo pembeni ya kichwa chake ili "p" na "b" zisipulize. Aimbe wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, si mstari kwa mstari. Mara tatu au nne zinatosha, kisha chagua moja yenye roho, hata kama ina noti iliyoyumba. Programu za kunyoosha sauti usiziguse kabisa kwenye wimbo wa namna hii.

Halafu aimbe tena juu ya ile aliyochagua, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Kurudufu sauti hivyo ndiko kunakotoa ule unene unaoujua. John Lennon wa The Beatles alichoshwa na kazi hiyo, na mwaka 1966 fundi Ken Townsend wa EMI akabuni njia ya kuifanya kwa mashine. Unaweza kuiga kwa kunakili njia ya sauti na kuichelewesha milisekunde 20 hadi 40, ila mimi naipenda zaidi ile ya kuimba kweli, maana tofauti ndogo za kibinadamu ndizo zinazonenepesha.

Waitikiaji wasirekodiwe mmoja mmoja. Wazungushe watatu kwenye maiki moja, na badala ya kuhangaika na vitufe, sogeza watu: mwenye sauti kali arudi nyuma hatua moja, mwenye sauti nyembamba asogee. Kama umeimba kwaya, hiki ni chakula chako cha kila siku. Sauti ya pili ikae noti tatu juu ya melodia, ya tatu chini yake, na zisiimbe maneno yote. Ziitikie tu mwisho wa mstari ("kituoni, kituoni"), au zishike "uu" na "la la". Kunyamaza kwao kwenye ubeti wa kwanza ndiko kutakakofanya kuingia kwao kwenye wa pili kusisimue.

Hatua ya sita: mwangwi wa bafuni

Programu yako ina mwangwi wa kutengeneza, na si mbaya. Lakini studio ya Gold Star ya Los Angeles, alikorekodi mtayarishaji Phil Spector, ilipata sauti yake kwa vyumba halisi vya mwangwi. Abbey Road walikuwa navyo pia, na Motown walikitengeneza darini. Wewe una bafu lenye vigae.

Weka spika ndani ya bafu, ielekee kona. Weka maiki upande wa pili, ielekee ukuta na kuipa spika mgongo, kwa sababu unataka kilichogonga vigae na si kilichotoka kwenye spika. Ondoa taulo na pazia la bafu. Cheza njia ya sauti peke yake huku ukirekodi kinachorudi kwenye njia mpya. Kisha kata chini ya Hz 300 kwenye hiyo njia mpya, uisogeze nyuma milisekunde 80 hadi 100, na uichanganye taratibu mpaka uisikie, halafu ipunguze kidogo. Fanya hivyohivyo kwa tari na waitikiaji. Besi usiipeleke bafuni.

Ukitaka kionjo kimoja cha ziada: mwaka 1965 George Martin, mtayarishaji wa The Beatles, alirekodi solo ya piano huku mkanda ukienda nusu ya kasi, kisha ikachezwa kwa kasi kamili, ikatoka juu oktavu moja na nyepesi kama kinanda cha karne ya kumi na nane. Punguza kasi ya wimbo wako kwa nusu, piga kinanda taratibu, kisha ongeza kasi ya rekodi hiyo mara mbili.

Hatua ya saba: kuchanganya kwa mono

Weka kila kitu katikati. Kwa sehemu kubwa ya miaka ile mono ndiyo iliyokuwa toleo kuu la nyimbo za pop, na mono inakulazimisha kutenganisha vitu kwa toni, siyo kwa kuvitupa kushoto na kulia. Anza na sauti na msingi, ulinganishe mpaka maneno yote yasikike, ndipo uongeze waitikiaji, na kionjo mwishoni. Gitaa likigombana na sauti, likate kwenye Hz 1,000 hadi 2,000 badala ya kulishusha lote. Kata kila kitu chini ya Hz 60, na punguza kuanzia 12,000 kwenda juu. Weka kompresa moja nyepesi kwenye wimbo mzima, inayobana desibeli mbili au tatu tu.

Kama nyumbani kuna redio kaseti inayorekodi na bado nzima, pitisha wimbo kwenye kaseti kisha urudishe kwenye kompyuta. Kaseti inalainisha ukali wa juu kuliko plagini nyingi nilizowahi kusikia.

Pima kwenye spika ndogo. Motown walisikiliza michanganyo yao kupitia spika ya gari, kwa sababu wateja wao wangeisikia huko. Wako watausikia kwenye simu, kwenye daladala na kwenye spika ndogo za bluetooth. Kama besi inapotea kwenye simu, usiiongeze chini. Inua njia ya msingi kwenye Hz 700 hadi 900, pale kidole kinapogusa uzi.

Toa nakala ya WAV ya kuhifadhi na ya MP3 ya kusambaza, andika majina ya watunzi wote na mgao wao kwenye karatasi moja mkiwa bado mnapendana, na msajili kazi kwenye taasisi ya hakimiliki ya nchi yenu. Tanzania ni COSOTA.

Halafu usiondoe blanketi bado. Singo za wakati ule, zile santuri ndogo, zilikuwa na upande wa pili, na bendi ikishapata joto na maiki zikiwa zimekaa pazuri, wimbo wa pili hutoka haraka na mara nyingine kwa uhuru zaidi. Uwe nao tayari kwenye karatasi, uurekodi jioni hiyohiyo kwa mpangilio uleule.